Punje Sitini na Tatu

Napenda kutangaza kwa unyenyekevu kwamba mimi, Akong'o wa kidato cha tatu, ndiye mwanafunzi pekee katika historia ya shule yetu ambaye neno lake halihesabiki mpaka lithibitishwe na mtu mwingine. Heshima hii sikupewa bure. Niliitolea jasho.

Kila Machi tai, mwewe na kozi hutoka kusini kurudi Ulaya na Asia kuzaa. Hupita juu ya ukingo wa Manga, lile genge refu lililo juu ya shule yetu, kwa sababu hewa inayopanda pale huwabeba bila wao kupiga bawa, na Chama chetu cha Mazingira huwahesabu. Mwaka jana, siku ya zamu yangu, nililala chini ya mti kisha nikaandika ndege elfu moja na kumi na nne. Hao kumi na nne niliwaongeza makusudi, maana namba isiyo na mkia hushukiwa. Mwalimu Nyangau, mlezi wa chama, akaituma kwa wataalamu Nairobi jioni ile ile, na asubuhi akanisifu mbele ya shule nzima. Wiki moja baadaye mtaalamu mmoja akauliza ndege elfu waliwezaje kuruka siku ambayo Manga ilipigwa na mvua ya mawe tangu saa nne.

Mwalimu hakuniadhibu. Aliandika barua ya kuomba radhi, akanituma niipeleke mwenyewe posta ya Kisii. Kisha akatoa sheria: namba ya Akong'o itapigwa mstari mwekundu isipokuwa ipatikane saini ya mtu aliyehesabu kwa mkono wake.

Mwaka huu nikapewa Jumamosi. Wenzangu chamani wote ni Wasabato, na siku hiyo hawafanyi kazi, na kuhesabu ni kazi. Sisi kwetu ni Waanglikana wa upande wa ziwani. Baba anauza vipuri mjini Kisii. Basi nilipanda ukingoni peke yangu, na darubini yenye jicho moja zima. Kule chini nyimbo za kanisani zilipanda hadi kwangu, na nilikuwa naitambua sauti ya Celestine, ambaye kitanda chake kiko juu ya changu na ambaye zamani hakuna ujinga niliofanya bila yeye. Siku hizi hucheka nami bwenini, lakini haamini hata nikimwambia maji yamechemka. Jumamosi nne zilipita, mistari minne myekundu. Nilifikia kuwatania tai. Tai hawacheki.

Jumamosi ya tano ilikuwa ya mwisho kabla ya kufunga shule. Saa tano hivi niliona nukta moja juu ya bonde, kisha nne, kisha sikuweza kuzitaja idadi. Walikuwa wakipanda kwa kuzunguka, kama majani ya chai katika sufuria iliyokorogwa. Hawa walikuwa wa kweli, na shahidi sikuwa naye.

Nikateremka mbio hadi kwa bibi Nyanchoka, ambaye nyumba yake iko chini tu ya miamba. Mguu ulikuwa umemvimba, hivyo hakwenda kanisani. Alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwomba anihesabie.

"Leo ni Sabato," akasema. "Mimi leo sihesabu hata kuku yangu."

"Na kutazama, magokoro?" nikauliza, nikimwita bibi kwa Kikisii chake.

Alifikiri. "Kutazama si kazi. Mungu mwenyewe siku hiyo alikuwa anatazama tu."

Tukakubaliana. Yeye angetandika leso mapajani, kwa kuwa kushika leso nako si kazi. Mimi ningedondosha humo punje moja ya mahindi kwa kila ndege kumi, kama tunavyofanya chamani. Jua likishazama, Sabato imekwisha, angehesabu punje kwa mkono wake.

Nilisimama uani kwake hadi saa tisa, shingo ikiniuma. Aliniuliza wanakwenda wapi, nikamwambia. Akauliza kama hurudi.

"Hurudi Oktoba."

"Wanangu walisema Desemba," akasema, akaendelea kutazama juu.

Mvua ilipoanza kunyesha, kichwani nilikuwa na punje sitini na tatu. Alizifunga fundo, tukaketi chini ya paa kungoja lizame jua ambalo hatukuliona. Saa kumi na mbili kengele ya shule ililia, na nikajua majina yanaitwa. Zamani Celestine angeitika kwa niaba yangu. Nilijua leo hataitika. Ningeweza kukimbia niwahi, na namba ingekufa kwa wino mwekundu. Nilibaki.

Giza lilipoanza kuingia bibi alifungua fundo, akamimina punje kwenye ungo, akageuka kuchukua taa. Wakati huohuo kuku wake walikuwa wanaingia ndani kulala. Mmoja akanyoosha shingo, akadonoa punje moja, akapita zake.

Bibi hakuona. Alihesabu polepole kwa Kikisii, kisha akanitafsiria: sitini na mbili.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba kuku amekula tai kumi. Ilikuwa kweli tupu, na hakuna maneno duniani ambayo yangefanana zaidi na Akong'o. Nikaufunga. Niliandika mia sita na ishirini, bibi akaweka saini yake iliyopinda kama njia ya Manga.

Mwalimu Nyangau alinikuta langoni. Alisoma karatasi kwa tochi, mara mbili, akauliza kama mama huyu kweli alihesabu mwenyewe. Nikasema alihesabu baada ya Sabato. Akatoa kalamu ya buluu, akainakili namba yangu kitabuni. Kisha akanipa wiki mbili za kusugua sufuria za jikoni kwa kukosa kuitika jina, na nikamshukuru hadi akashtuka.

Bwenini Celestine aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamweleza yote, mpaka kuku. Alicheka sana, akageukia ukuta.

Kitabuni wako mia sita na ishirini. Wale kumi tunawajua wawili, mimi na kuku.