Binti wa Simu Nyekundu

Simu nyeusi ilisema kweli, simu nyekundu ilisema uongo, na zote mbili zilikaa juu ya meza moja, mbele ya mwanamke mmoja ambaye makazi yote yalimwita Dada Simu.

Ile nyeusi ilikuwa ya shughuli za kawaida. Ikilia, Dada Simu alijibu, "Makazi ya Watu Wasio na Nyumba, habari za leo?" na aliyepiga alijua amepiga wapi. Ile nyekundu ilikuwa ya kazi. Namba yake iliandikwa kwenye kila barua ya maombi iliyotoka pale, kwa sababu mwalimu wa ajira aligundua zamani kwamba hakuna tajiri anayemwajiri mtu anayelala kwenye ukumbi wenye vitanda thelathini na vinane. Kwa hiyo simu nyekundu ikilia, Dada Simu alikohoa kidogo, akalainisha sauti, akasema, "Haloo, nyumbani."

Kuanzia hapo alikuwa ndugu wa mtu yeyote aliyetafutwa. Kwa vijana alikuwa dada mkubwa. Kwa wanaume wa rika lake alikuwa shemeji, na kwa wazee alikuwa binti. Na alikuwa hodari wa kutia chumvi. Mlinzi mmoja wa ghala la saruji alipata kazi kwa sababu Dada Simu alimwapia mwenye ghala kwamba kaka yake hanywi, hata soda huiangalia kwa mashaka. Watu kumi na mmoja waliajiriwa mwaka ule kwa ulimi wake, naye aliwahesabu kwa vidole kila alipopanga foleni ya chai. Tusimlaumu upesi. Yeye mwenyewe alilala ukumbini miaka miwili, na kiti kile cha kupokea simu kilikuwa kazi yake ya kwanza tangu alipotupiwa virago nje.

Miongoni mwa wazee wake alikuwapo Seremala, mtu mrefu mwenye vidole tisa na nusu na maneno machache. Miaka minane nyuma karakana aliyopanga ilibomolewa, na vifaa vyake vikabaki chini ya kifusi. Alimuaga mkewe kwamba anakwenda kutafuta kazi na angerudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulimkuta hana kitu mkononi, akaona haya kurudi hivyo. Akasema mwezi ujao. Ukweli ni kwamba aibu ilimfunga miguu, akabaki anasema mwezi ujao hadi nywele zikawa nyeupe.

Sasa mambo yalikuwa yamemnyookea. Alipata kibarua cha kutengeneza madawati na milango ya shule, na makazi yalikuwa yamekarabati jengo la zamani mtaa wa pili, vyumba kumi na viwili vya kupangisha kwa bei nafuu. Kimoja kilikuwa cha watu wawili. Seremala alikiomba hicho hicho, na jina lake likapita. Sharti lilikuwa moja: mume na mke waje wote wawili kusaini, mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wasipokuja, chumba kingekwenda kwa wanaofuata kwenye orodha, na yeye angebaki ukumbini.

Akaanza kuchonga kitanda pale uani, kwa mbao za mabaki, futi tano kwa sita. Wenzake hawakumwacha apumue.

"Mzee, kitanda chote hicho peke yako? Huko kwingine unamlaza nani?"

"Mwenyewe anakuja," alisema Seremala, akaendelea kupiga randa.

Huyo mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa. Kumwandikia mkewe moja kwa moja aliogopa, basi alimwandikia binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa na miaka kumi na sita alipomwacha. Aliandika kwamba yu mzima, kwamba ana kazi, kwamba kuna chumba, na kwamba kama mama yake bado ana moyo naye, wampigie. Neno makazi hakuliandika. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya. Namba ya simu nyeusi ingemuumbua, maana inajibiwa kwa jina la pale. Akanakili ile nyekundu, inayojibiwa "nyumbani."

Alikusudia kumwambia Dada Simu Jumatatu. Jumatatu palikuwa na watu mezani, akaona haya. Jumanne aliondoka alfajiri kwenda kufunga milango ya shule.

Jumanne hiyo, saa nne na nusu, simu nyekundu ikalia.

"Haloo, nyumbani."

Sauti ya mwanamke, kavu, ya kiofisi, ya mtu aliyejikaza, ikamtaja Seremala kwa jina lake kamili na kuuliza kama yupo.

"Ametoka kidogo, yuko kazini," alisema Dada Simu. "Naomba nikusaidie. Mimi ni binti yake."

Upande wa pili kukawa kimya.

"Binti yake?"

"Ndiyo. Wa pekee." Dada Simu aliujua ukimya wa waajiri, aliuita ukimya wa mashaka, na dawa yake ilikuwa kuongeza chumvi. "Baba ni mtu wa nyumbani sana. Mimi na mama tuko naye miaka yote, hajawahi kutuacha hata siku moja. Ukimpa kazi hutajuta."

"Na mama yupo?"

"Yupo, yuko jikoni."

Alisikia pumzi ndefu, na kwa mbali kama mtu mwingine akikohoa.

"Sawa," ilisema ile sauti. "Hakuna neno."

Simu ikakatwa. Dada Simu akaandika kwenye daftari lake: *Jumanne, saa 4:30. Mwanamke. Kazi hakuitaja. Amejibiwa vizuri.* Kisha akaenda kuchukua chai.

Alhamisi Seremala alikuja mezani, kofia mkononi, akizungukazunguka.

"Mwanangu, hakuna mtu aliyenipigia?"

"Yupo mmoja, baba, juzi. Wa kazi. Nimekupamba kwake, we acha tu!"

"Mwanamke?"

"Mwanamke, sauti ya ofisini. Nikamwambia mimi ni binti yako wa pekee, na mama yuko jikoni, na..."

Hakumaliza, maana aliuona uso wa mzee ukibadilika. Seremala alikaa kwenye benchi taratibu, kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini. Akaeleza habari ya barua kwa maneno ishirini hivi. Dada Simu aliinua simu nyekundu akaitazama, lakini ilikuwa ya kizamani, haikuonyesha namba ya mtu.

"Nisamehe, baba."

"Wewe ulifanya ulivyofundishwa. Namba niliandika mimi." Akasimama, akarudi uani. Siku ile hakuna aliyesikia randa.

Dada Simu alimsihi aandike barua nyingine yenye ukweli wote. Mzee alikataa. Alisema miaka minane amejificha ili mwanawe asijue baba yake analala kwenye ukumbi, na hawezi kuanza leo. Dada Simu akachukua anwani ya familia yake kutoka kwenye fomu ya chumba, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi, akaandika barua mwenyewe usiku huo: *Mimi si binti yake. Mimi ni mtu wa simu. Hapa ni makazi ya wasio na nyumba, na baba yako amekaa hapa miaka mitatu, kabla ya hapo alilala barabarani. Hana mke mwingine wala mtoto mwingine. Anachonga kitanda.* Asubuhi akaipeleka posta, kisha akarudi kuketi kati ya simu zake mbili, na kila ile nyekundu ilipolia aliinyakua upesi. Mara tatu ilikuwa kazi za watu wengine. Alidanganya mara zote tatu, kwa sababu watu wale nao walikuwa na njaa, ila safari hii uongo ulimtoka kwa shida.

Wiki iliyofuata, Ijumaa ya mwisho ikafika. Seremala alivaa shati jeupe, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Msimamizi wa vyumba, mama mmoja mwenye roho nzuri lakini wa kufuata sheria kwa herufi, alipita na fomu mara mbili. Alisema atangoja mpaka saa kumi, si zaidi, maana wanaofuata ni mume na mke wenye mtoto mchanga. Uani kitanda kilikuwa kimekwisha, kimepigwa msasa mpaka kinateleza.

Saa tisa kasorobo Seremala alitoka kwenda kukifunika, maana mawingu yalikuwa yametanda. Ndipo simu nyekundu ikalia.

Dada Simu aliishika, akakohoa, na maneno yakamgomea. "Haloo," alisema tu.

"Ni wewe wa siku ile?"

"Ni mimi."

"Nimepata barua yako jana." Sauti haikuwa tena ya kiofisi. "Kwa nini hukusema? Ungeniambia hana nyumba, ningekuja siku ile ile. Kwa miguu ningekuja."

"Nisamehe, dada. Nilidhani wewe ni mwajiri."

"Mama alikuwa mgonjwa. Barua ilipofika alisema nipige upesi, anataka kusikia sauti yake tu. Nikaweka simu kwenye spika, nikaishika karibu na mto. Yote uliyosema aliyasikia mwenyewe."

Dada Simu alikumbuka kile kikohozi cha mbali. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Afadhali. Amepata wa kumtunza.' Hakusema lingine. Tumemzika Jumatatu."

Mlango wa uani ukafunguka. Seremala aliingia akipangusa unga wa mbao mikononi, akamwona Dada Simu alivyoushika mkonga wa simu, akamwona na machozi, akayaelewa alivyopenda. Uso wake ukachanua. Hakuwa amewahi kuonekana hivyo mahali pale.

"Ni yeye?" alinong'ona.

Dada Simu aliitikia kwa kichwa. Alijua ilimpasa ampe ile habari kwanza, amkalishe, amshike mkono. Ulimi uliowapatia kazi watu kumi na mmoja ulikuwa umekauka. Akamnyooshea mkonga.

Msimamizi alikuwa mlangoni na fomu yake, naye akatabasamu, akatoa kalamu mfukoni tayari.

Seremala alisimama wima, akafunga kifungo cha juu cha shati. Akapiga moyo konde, akasema lile neno lililomshinda miaka yote.

"Mwanangu, mimi niko kwenye makazi ya wasio na nyumba. Sikukwambia, nisamehe. Lakini chumba kipo, na kitanda nimekimaliza leo." Akacheka kidogo, kwa haya. "Mama yako hajambo?"