Kidoa cha Binti wa Sabuni

Mchapaji alikuwa hashikiki. Warithi wa kile kiwanda cha sabuni kilichokufa zamani walikuwa wamempa ruhusa ya kuyatumia matangazo yao yote, yale marehemu baba yake aliyoyachapa katika karakana hiihii. Angeyarusha mtandaoni bila kumwogopa mtu, na la kwanza lingekuwa la Binti wa Sabuni, yule msichana wa tabasamu pana na kidoa cheusi shavuni. Bila huyo, nani angefungua ukurasa wake?

Kaka yake, wakili asiyejua kufurahi, akamkata maini.

"Ruhusa ya wenye hakimiliki unayo, sawa. Sura je? Sura ni ya mwenyewe. Kama yu hai na hajakubali, usithubutu."

"Sasa nitampata wapi, kaka?"

"Hapo sheria imeishia, dada yangu. Tumia mdomo."

Akautumia. Akatangaza redioni kwamba anamtafuta Binti wa Sabuni, na jamani, watu wana mambo! Asubuhi karakana ilifurika akina mama, kila mmoja na kidoa chake shavuni, na vingine vya wanja mtupu vinavyochuruzika kwa jasho. Mchapaji alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha kicheko kikamkauka, maana atamjuaje wa kweli?

Wa mwisho kuingia alikuwa mshona mapazia, mama mtu mzima, mashavu safi kabisa. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Ni mimi," alisema.

Wenzake wakaangua kicheko. "Na kidoa, shoga? Kimehama?"

"Sijawahi kuwa nacho. Nilizaliwa bila, na nikapigwa picha bila."

Akageuka aondoke, kama mtu aliyekwisha kuzoea kutoaminiwa. Lakini mchapaji alikuwa amesisimka mwili mzima. Baba yake alikuwa na desturi moja: kila bamba la kuchapia alilifunga kwa gazeti pamoja na picha halisi ambayo bamba lilitengenezwa kwayo. Mchapaji mwenyewe alikuwa amelitazama bango la tangazo tu. Bamba hakuwahi kulifungua.

"Mama, nakuomba, nisubiri."

Akavamia kabati, vumbi likamjaa puani, akachana gazeti kwa pupa. Picha hii hapa, shavu safi! Akapitisha kidole kwenye bamba. Pale shavuni palikuwa na kijinundu cha chuma kilichosahauliwa kusuguliwa, na kila bango lililotoka lilitoka na kidoa.

"Kumbe ni baba," alisema kwa furaha na aibu. "Baba yangu ndiye aliyekupaka kidoa."

Akina mama wakasogea kutazama. Mshona mapazia akaishika ile picha kwa mikono miwili.

"Nililipeleka bango nyumbani nikiruka kwa furaha. Mama yangu mzazi akaniambia huyo si mwanangu, usijipachike kwenye sura za watu. Amekufa haamini."

 Mchapaji akalifungua bango kwenye kompyuta, akakuza lile shavu, akakifuta kidoa taratibu mpaka kikaisha.

"Niirushe picha hivi, mama? Ukikataa, naacha."

Yule mama akaitazama sura yake. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Irushe," alisema. "Mama hayupo wa kuniona. Lakini mashoga hawa walionicheka wapo."