Siku Musonda Alipokosa Jibu

Siku ile mjinga alikuwa Musonda, na mwenyewe hakatai. Alisimama katikati ya soko la Albert, koti limepigwa pasi hadi kola inamkata shingo, mikononi ameshika sahani mbili za bati, moja imeifunika nyingine. Soko zima lilikuwa linamcheka, kuanzia wauza mihogo hadi kinyozi aliyekiacha kichwa cha mteja nusu.

Alikuwa amemwambia Chileshe, muuza samaki wakavu: "Leo minakuya kukuoa."

Tatizo lilikuwa ukoo. Musonda ni wa Mamba, Chileshe ni wa Samaki, na koo hizo mbili ni watani tangu mababu. Mamba humwita samaki mke wake, samaki humwita mamba kibogoyo, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekosa jibu ndiye ameshindwa. Kwa hiyo tangu Chileshe ashuke Élisabethville kutoka Kasenga mwaka ule wa 1938, mjane mwenye kikapu kimoja na asiyejua hata njia ya kisimani, Musonda alimwita "bibi yangu" kila asubuhi, na kila asubuhi alijibiwa vilivyo. Mwezi uliotangulia alimpelekea sahani iliyofunikwa vizuri, kama wafanyavyo kwao wanaume wanaoposa kweli. Ndani mlikuwa na miiba ya samaki. Watu walicheka mpaka jioni.

Sasa nani angeiamini sahani yake?

Lakini hakuwa na muda wa kutafuta chombo kingine. Kapya, kaka yake Chileshe, alikuwa amefika jana na lori la samaki, na lori lingerudi Kasenga saa sita mchana, Chileshe akiwa juu yake. Ndugu walikuwa wamempatia mume huko, mtu mzima, mtulivu, mwenye mitumbwi mitatu. Mjini, Kapya alisema, dada yake hana mtu.

Musonda naye aliingia jiji hilo hana mtu. Alikuwa na vidole vitatu mkono wa kuume. Viwili vilibaki Sakania, chini ya chuma cha reli. Mkono wa namna hiyo hauitwi tena relini. Akajifunza pasi ya makaa. Wengine huitemea mate kujua kama imepata moto. Yeye aliisogeza karibu na shavu, akaisikiliza ngozi. Mashati yaliyotoka kwake yalisimama kama yana mtu ndani. Ila kazi aliyoiheshimu kupita zote ilikuwa nepi. Nzi wa kwetu hutaga kwenye nguo mbichi, na yai likikosa moto, funza anaamkia mgongoni mwa mtoto. Basi Musonda alipitisha pasi kila mshono, nje na ndani, nepi ya Mzungu na ya jirani asiyelipa kitu, huku akisimulia upuuzi. Watu waliukumbuka upuuzi. Watoto walilala vizuri, na nani anamshukuru mtu kwa usingizi?

Chileshe alifuta mikono kwenye kitenge, akamtazama toka viatu mpaka kola, akampiga pale pale alipozoea kumpiga.

"Mamba, bidole byako mbili bilikimbia sababu bilijua hautapata bibi. Hii tatu inangoya nini?"

Soko likalipuka, kisha likangoja. Musonda jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo zuri, lenye chumvi na pilipili, limekaa kwenye ncha ya ulimi, na baadaye aliapa kwamba hajapata tena la kulishinda. Akalimeza.

Kinyozi akamhimiza. Ngosa, ndugu yake wa ukoo, akamvuta koti na kumnong'oneza kwamba anawaaibisha Mamba wote, wafu na wazima. Zile sahani mbili zikaanza kugongana mikononi mwake, ti-ti-ti, na kicheko kilichobaki kikazimika meza kwa meza, mpaka sauti ya bati ikasikika kwa wauza mkaa.

"Ba Musonda," Chileshe akasema polepole. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Jibu basi."

"Leo hapana."

Chileshe akafunua. Palikuwa na shanga nyeupe, nyuzi mbili, zimelala juu ya kitambaa kilichopigwa pasi hadi kikang'aa. Kisha akauvaa uzi mmoja, na sahani akazisukuma chini ya meza yake, upande wa vitu vyake mwenyewe.

Kapya, aliyekwisha kukifunga kikapu cha dada yake juu ya lori, alikuja mbio. Akasema leo mtu huyu amenyamaza, kesho atarudia michezo yake. Kwamba nyumba haijengwi kwa utani. Kwamba yule wa Kasenga ni mtu wa heshima, hajawahi kuonekana akipiga domo sokoni. Musonda alitaka kujitetea. Chileshe akamzuia kwa kiganja.

"Huyu muntu iko anakuchekesha tu," Kapya akamaliza.

"Yaya," Chileshe akamwambia kaka yake, "ule bwana wa kwanza mulinichagulia, miaka tisa hakunichekesha hata siku moja. Shusha kikapu yangu, na wewe upande kamyo yako peke yako."