Ngazi Isiyo na Katikati

Canio Lapenna alikuwa ameshaanguka hesabu. Somo moja baraza la walimu huweza kulifumbia macho. Mawili hayasameheki: wenzako huenda kufanya mtihani wa taifa, wewe hubaki kurudia mwaka mzima. Kwa hiyo insha ya Kiitaliano asubuhi ile ya Mei ndiyo iliyoshika shingo yake. Alama sita kati ya kumi, anakwenda. Chini ya hapo, habanduki.

Mwalimu Guarino alikuwa na sheria yake. Kabla ya kuandika insha, kila mtu apange ngazi, yaani hoja zake moja baada ya nyingine kama vidato vya kupandia, kwenye karatasi iliyokunjwa katikati kwa urefu. Wanafunzi nao walikuwa na ujanja waliourithi kwa kaka na dada zao: unaandika insha kwanza, halafu unachora ngazi inayofanana nayo, kama mtu anayepima kiwanja baada ya kujenga nyumba. Mwaka huo mwalimu aliwakomesha. Saa ya kwanza ikiisha alipita dawati kwa dawati akitia sahihi kwenye ngazi, na asiye na sahihi hakupewa karatasi ya nakala safi.

Swali lilikuwa hili: kijana wa milimani, abaki au aondoke? Ngazi aliyoipenda mwalimu ilijulikana hata na mfagiaji. Sababu za kubaki, sababu za kuondoka, kisha katikati, pale unapouma na kupuliza ili asikasirike mtu.

Assunta, jirani yake wa dawati, alichungulia karatasi ya Canio akashusha pumzi. "We Canio, tia katikati yako tuondoke hapa. Mistari miwili tu. Hakuna anayeiamini, hata yeye mwenyewe."

"Basi kwa nini niiandike?"

"Kwa sababu umeanguka hesabu, mpumbavu wewe."

Canio hakuitia. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na kila mwaka alipunguza unga kwa sababu walaji walipungua. Kaka yake Gerardo alikuwa Stuttgart, Ujerumani, akifunga milango ya magari kiwandani. Katika nyumba kama hiyo mtu hawezi kuandika kwamba pande zote mbili zina haki sawa. Njia mbili zilimshinda fisi.

Mwalimu alifika, akasoma, akageuza karatasi kutazama nyuma.

"Sehemu ya tatu iko wapi?"

"Haipo, Mwalimu."

"Umeisahau?"

"Nimeikataa."

Mwalimu alimweleza, bila kupaza sauti, kwamba asiyesikiliza upande wa pili haandiki insha, anapiga kelele sokoni. Canio akamwomba asome kidato cha pili cha ngazi yake. Mwalimu akasoma. Hoja za Gerardo za kuondoka zilikuwepo pale, zimepangwa vizuri kuliko Gerardo mwenyewe angeweza kuzipanga.

"Nimempa kaka yangu nafasi kubwa kuliko yangu," Canio alisema. "Kisha nimemjibu. Sasa niseme sote tuko sawa? Hatuko sawa, Mwalimu. Mmoja wetu amekosea."

Mwalimu akaweka ncha ya kalamu nyekundu kwenye kidato cha tano. Hapo Canio alikuwa amemweka bibi yake akilia kituo cha basi, sentensi yenye mizani kama shairi, na katika ukurasa mzima ndiyo aliyoipenda zaidi.

"Hiki kinabeba nini?"

Canio alisoma cha nne, akaruka cha tano, akasoma cha sita. Mguu haukuteleza popote. Ilimuuma kuliko alama za hesabu.

"Hakibebi kitu," alisema. "Kikate. Lakini katikati sitii."

"Nikikupa tano?"

"Nitarudia mwaka, na mwakani nitaandika hivi hivi. Utanisoma tena."

Nyuma mtu alicheka. Mwalimu akamtazama, kicheko kikafa. Akakikata kidato cha tano kwa mstari mmoja, akatia sahihi chini ya kilichobaki.

"Sijakubaliana na wewe," alisema. "Nimetia sahihi kwa sababu hii umeipanga kabla ya kuandika. Na machozi yakirudi kwenye nakala safi, nakuangusha."

Wiki iliyofuata insha zilirudishwa. Assunta alipata nane. Canio alipata sita kasoro, yaani sita yenye dosari ambayo bado huhesabiwa sita, inayotosha kumfikisha kwenye mtihani wa taifa na haimfikishi popote zaidi. Assunta alimkumbatia na kumwambia amshukuru Mungu, anyamaze.

Canio alikwenda hadi meza ya mbele kuuliza kasoro iko wapi.

Mwalimu alimwonyesha. Kaka yake alikuwa na hoja nne, naye alijibu tatu. Ile ya nne ilihusu hospitali, kwamba iliyo karibu iko mwendo wa saa nzima, na akina mama hujifungulia njiani.

Canio aliisoma tena amesimama. Hakutaka kujifanya ana jibu.

"Ungeweka katikati," Mwalimu Guarino alisema, "ungeifunika."

"Ndiyo maana sikuiweka," alisema Canio, akachukua karatasi yake akarudi kuketi.