Breki ya Upande wa Pili

Mwalimu wa udereva aliigonga pikapu ya magodoro Jumatatu asubuhi, kwenye taa za karibu na posta, akiwa kwenye mwendo wa kinyonga. Taa moja ya nyuma ya pikapu ilivunjika na godoro moja likaangukia boneti yake. Askari wa barabarani alifika akimalizia kutafuna karanga, akayazunguka magari yote mawili, kisha akainama kwenye dirisha la nyuma na kumuuliza mke wa Mwalimu kama ameumia. Mke alisema hapana. Alikuwa amefariki tangu mwanzo wa mvua, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Askari aliandika: abiria mmoja, marehemu, hana jeraha.

Kosa lililoandikwa lilikuwa uendeshaji wa kizembe. Dereva mwingine angelipa yakaisha, lakini mwalimu wa udereva akipatikana na kosa hilo hunyang'anywa kibali cha kufundisha. Tangu mkewe azikwe, kufundisha ndiko kulikokuwa kukimtoa kitandani. Kwa hiyo alikata shauri kwenda mahakamani kupinga, na kusema kwamba pikapu ilisimama ghafla. Shahidi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Mkewe alikuwa na sababu ya kukaa nyuma. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya dereva na nyingine miguuni pa mwalimu, kwenye kiti cha pembeni. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao walikuwa wakienda kwa shangazi wa mke, Mwalimu kwenye usukani, mkewe pembeni, wanafunzi wawili wakipewa lifti nyuma. Baiskeli ikachomoza kati ya malori. Mke akakanyaga ile breki ya pili, na mwenye baiskeli akapita salama. Mwalimu alimjia juu mbele ya wale wanafunzi, akamwambia kiti kile ni cha watu wenye kazi. Jioni alitaka kumwomba radhi, lakini kulikuwa na wageni, na kesho yake akaona mambo yameshapita. Tangu siku hiyo mkewe alifungua mlango wa nyuma mpaka kufa kwake, na wala hakununa.

Kabla ya kesi, Mwalimu alimweleza la kusema, akarudia, akamtaka naye arudie. Mkewe alisikiliza huku akitazama nje ya dirisha, kama alivyokuwa akisikiliza habari za wanafunzi waliofeli.

Mahakamani karani aliuliza kama marehemu hula kiapo. Hakimu alisema hula kama watu wengine, ila wapaze sauti kidogo.

"Mama, pikapu ilisimama ghafla?"

"Hapana, Mheshimiwa. Taa zilikuwa nyekundu muda tu. Mwalimu alikuwa ananiangalia mimi kwenye kioo."

"Kwa nini?"

"Hata mimi nilishangaa. Nilipokuwa hai hakuwa na mazoea hayo."

Mtu mmoja kwenye mabenchi alicheka, akajikohoza.

"Na wewe uliiona pikapu?"

"Niliiona. Ningekuwa mbele ningekanyaga breki. Lakini hiyo nilishakatazwa."

Hakimu alimuuliza Mwalimu kama ana swali kwa shahidi wake. Mwalimu alisimama. Alikuwa na neno moja la kumwambia mkewe, nalo halikuhusu pikapu. Lakini karani alishaishika kalamu, watu walikuwa wakimtazama, na yeye hajawahi kusema neno la namna hiyo mbele za watu. Akasema hana swali. Kibali chake kikachukuliwa kwa mwaka mzima.

Wiki iliyofuata alipeleka gari kwa fundi, ile breki ya pili ikang'olewa, matundu yakazibwa, zulia jipya likatandikwa. Kiti cha pembeni alikipangusa mwenyewe kwa kitambaa chenye maji. Mkewe alipokuja, alitaka kupelekwa kwa shangazi yake. Mwalimu alimfungulia mlango wa mbele.

"Kaa hapa, mke wangu. Nimeiondoa."

Mkewe aliinama akachungulia pale chini. Alisema zulia ni zuri, limependeza na rangi ya viti.

"Ila mimi nimeshazoea nyuma, Mwalimu. Usijali."

Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaweka mkoba wake mapajani. Mwalimu alibaki amesimama akiwa ameushika ule mlango wa mbele, na lile neno lilikuwa bado mdomoni. Nyuma yao gari jingine likapiga honi, maana alikuwa ameziba njia. Akaufunga mlango taratibu, akakaa kwenye usukani. Safari hii alitazama mbele tu, kama alivyofundisha watu maisha yake yote, na wakaenda hivyo mpaka kwa shangazi, kiti cha pembeni kikiwa kitupu.