Manjano ya Mashuuru

Ukame wa mwaka 2000 ulipommalizia ng'ombe, Maundu aliliacha shamba lake la Mashuuru, mawe matupu, akahamia Kitengela na mkewe Mutindi. Huko akawa fundi wa kusugua sakafu za terazo. Asidi ya kazi aliinunua kwa mtungi mweusi. Siku moja aliloweka jiwe la shambani ndani ya asidi hiyo kwenye glasi. Asidi ikaonekana ya manjano.

Alikuwa amesikia kwamba dhahabu ikiyeyuka huigeuza asidi kuwa ya manjano. Tangu hapo alijiona tajiri aliyecheleweshwa tu. Hanad, mfanyabiashara wa mifugo, alipotaka kulinunua shamba, Maundu alimfukuza kwa maneno makali. Binti yao Ruth aliacha shule kwa kukosa karo, akaenda kufanya kazi ya nyumbani Rongai.

"Vumilia kidogo," baba yake alimwambia. "Ile shamba iko na kitu."

Ruth akavumilia, miaka ikapita.

Jirani yao Gakuru, mwalimu wa kemia, ndiye aliyeitazama ile glasi akasita. "Asidi yako ni chafu, Mzee Maundu. Isafishe kwanza, ndio tujue." Akamwelekeza: bakuli la asidi na bakuli la maji safi ya kuongezea betri ya gari, yote mawili ndani ya ndoo moja yenye kifuniko. Mvuke wa asidi ungehamia majini polepole, uchafu ubaki nyuma.

Maundu aliiweka ndoo nyuma ya nyumba, akaiuguza kama mgonjwa. Mvuke ulivuja ukala mabati, Mutindi akakohoa, wala hakulalamika. Maundu alipofunua, yale maji yalikuwa yanauma pua. Akayamimina kwenye glasi, akatia jiwe la shambani. Likachemka, kama chokaa yoyote ya Kajiado inavyochemka. Akainua glasi juani. Asidi ilikuwa nyeupe kama maji ya mvua. Akajaribu jiwe la pili, la tatu, vilevile.

Ndipo akamimina asidi ya mtungini peke yake, bila jiwe, kwenye glasi nyingine. Manjano. Ilitoka hivyo dukani, na kutu ya chuma iliyoyeyuka ndani yake. Mle mtungini na juu ya sakafu hakuwahi kuiona rangi yake.

Alifikiria kutia tone la ile chafu ndani ya ile safi, apate japo siku chache za matumaini. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka Mutindi alipotokea mlangoni.

"Baba Ruth, hiyo ni maji?"

Maundu alishusha mkono. "Ni kama maji tu."

Mutindi alitazama glasi moja, akatazama ya pili. Akakaa kizingitini taratibu.

"Na Hanad?"

"Alishanunua kwingine. Ako na zizi Isinya."

Mutindi alikohoa, akajifuta mdomo kwa leso. "Ruth anakuja Jumapili. Habari ya shamba huwa ananiuliza mimi, si wewe. Sasa nitamwambia nini?"

Maundu alikaa chini kando yake.