Nyuzi Saba

Karakana nzima ilimwita dada yake Saba, na kila alipolisikia jina hilo kaka mtu alihisi nyongo ikimpanda. Kisa ni kisu cha kukerezea chuma. Chini ya makali, ubavu wa kisu lazima urudi ndani nyuzi saba hivi, yaani digrii saba, ili makali peke yake yaguse chuma. Ubavu ukisimama wima, kisu hakikati. Kinasugua na kupiga kelele. Mafundi wote waliupima mwinamo huo kwa kipande cha bati. Dada aliunoa kwa macho tu, tena kwa mkono wa kushoto, huku akipiga soga, na hakukosea. Kaka, miaka kumi na minane kazini, bado alipima mara tatu. Haki iko wapi?

Sasa magoti ya baba yao, mwenye karakana, yalikuwa yamechoka, na siku ile angemkabidhi mmoja wao mashine kubwa. Angeshinda yule ambaye kisu chake kingekata shafti la chuma vizuri zaidi.

Wenzake walipokwenda kula, kaka alikichukua kisu cha dada akakigusisha kwenye jiwe. Kidogo tu, nyuzi saba zikaisha. Juu kiling'aa vilevile. Akakirudisha kwenye kitambaa chake, akaenda kula kwa hamu kubwa.

Wivu ulikuwa umemsahaulisha desturi ya baba.

"Badilishaneni," mzee akasema, kama kawaida yake. "Anayenoa hajipimi mwenyewe."

Dada akakipokea kisu cha kaka, akakipindua. "Kizuri hiki, kaka. Mimi nakisia tu, siku nikikosea sitajua nimekosea wapi. Unavyopima, nakuonea wivu tangu nianze kazi."

Akakereza. Maranda ya chuma yakatoka marefu, yamejikunja vizuri.

Ikawa zamu ya kaka. Angeweza kusema. Lakini kisu kilikuwa cha dada, na lawama ingekuwa ya dada. Akawasha mashine. Kisu kikapiga yowe, moshi ukafuka, shafti likachubuka.

"Saba! Umenoa nini hiki?" baba akafoka.

Dada akakichomoa, akakigeuza kwenye mwanga. Kaka naye akaona: mikwaruzo ya jiwe ililalia kulia. Ya dada, kwa mkono wake wa kushoto, hulalia kushoto siku zote. Baba angeijua kwa kutazama mara moja.

Dada alimtazama kaka yake. Kisha akaufunika ubavu kwa kidole gumba.

"Nimekosea, baba. Ningepima kama kaka."

Mzee akatikisa kichwa, akampa kaka ufunguo wa mashine kubwa. Mafundi wakampigia makofi. Kaka akasimama na ufunguo mkononi, akimtazama dada akirudi kwenye jiwe kukinoa upya kisu chake, na sasa akamwonea wivu hata moyo ule wa kumsitiri.